Chumba cha Ndege

Tulipewa funguo mbili na kufuli moja.
Hajati Zamuda alihesabu noti za miezi sita
mara mbili, kisha akaniuliza
kama wabunge hulipa na umeme.
Nikasema hulipa. Sikujua.
Wiki tatu nyuma nilikuwa sauti juu ya pikapu,
iliyokauka kama mhogo juani;
leo ni Kiden, msaidizi wa jimbo,
mwenye daftari la kurasa mia na ufagio.

Chumba kilikuwa studio ya picha.
Ukutani marehemu fundi Duku aliacha ndege
aliyoichora kwa mkono wake,
bawa moja refu kuliko jingine,
ngazi imeshuka hadi sakafuni
ili bwana harusi wa Koboko aweke mguu
na awe msafiri
kwa sekunde moja, kabla ya kulipa.

"Paka rangi," Mheshimiwa aliagiza kutoka Kampala,
"nyeupe, ofisi ionekane ofisi.
Meza kubwa. Kiti cha kuzunguka. Bendera."
Usiku nikapiga hesabu kwa mwanga wa simu:
meza ile ni mabenchi saba.
Nani atakaa juu ya meza?

Nikanunua mabenchi. Bendera pia.
Rangi ikaisha chini ya bawa.
Au niseme kweli:
brashi ilifika pale, nikaisimamisha.

Kibao kikaja kutoka kwa kijana wa sokoni:
OFISI YA MBUGE.
Nikakirudisha. Akaibana N kati ya U na G,
nyembamba, kama mgeni
aliyeongezwa kwenye mkeka uliojaa.

Sikuwa nimefungua. Walikuja.
Mjane wa Dranya, hati ya shamba
ndani ya mfuko wa sukari.
Mwalimu ambaye mshahara wake
umepotea njiani tangu Februari.
Kijana amechana nywele, koti la kuazima,
anataka picha nne za pasi.
Nikamwambia studio ilikufa na mwenyewe.
Akaitazama ndege, akakaa vilevile:
"Basi niandike. Nina shida nyingine."

Modi, aliyezunguka soko zima akitutukana
kipindi chote cha kampeni,
akasimama mlangoni, mguu nje, mguu ndani.
"Hata sisi tuliomnyima kura?"
"Kisima chenu kilipiga kura?"
"Hakitoi hata tone."
"Ingia."

Nikakata boksi la sabuni vipande vipande,
nikaandika namba kwa kalamu nene.
Hiyo ndiyo ikawa ofisi:
daftari, mabenchi, vipande vya boksi,
na harufu ya rangi isiyokauka
inayoshika migongo ya watu.
Mjane alikwenda nyumbani na mstari mweupe begani.

Ijumaa gari likasimama nje.
Aliingia peke yake, dereva akibaki na simu.
Bila lile tabasamu la mabango,
vumbi la barabara ya Arua kwenye nyusi,
viatu mkononi, miguu imevimba kwa safari.
Nikasimama, maneno yakanikwama.
Bibi mmoja wa Ludara alimwangalia juu hadi chini,
akamsogezea nafasi.
"Mwanangu, umepata namba?"

Mheshimiwa aliiona ndege.
Aliona pale ambapo meza haipo.
Kisha akaniona mimi, na jicho lile
nilijua tutalizungumza baadaye, mlango ukifungwa.
"Sina," akasema.
"Chukua basi. Yule msichana hana mchezo."

Nikakata kipande. Mkasi ulitetemeka,
pembe moja ikaenda upande.
Kumi na tisa.
Akakaa mwisho wa benchi, chini ya bawa fupi,
mkoba magotini, benchi likalia.
Modi alimtambua, akafungua mdomo,
akaufunga.

Nikameza mate, nikatazama daftari,
nikaita:
namba tano.